SOMO LA WIKI: Diski ikigoma kufunguka, hesabu za msimu bado zinaweza kuokolewa

Msimu wa alizeti mkoani Singida ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba, mavuno huanza kuingia sokoni mwezi Mei, na katika miezi michache inayofuata fedha nyingi ya mkoa hupita mikononi mwa wanunuzi, wenye mashine za kukamua, madalali na wasafirishaji. Umuhimu wa zao hilo si wa Singida peke yake. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kuongoza juhudi za kupunguza utegemezi wa mafuta ya kula kutoka nje.

Katika kipindi hicho cha pilikapilika, mali kauli ndiyo inayoendesha soko. Mkulima wa Iramba au Mkalama huacha magunia ghalani akisubiri bei ipande. Mnunuzi naye huwa ametanguliza fedha za mbegu na palizi tangu Januari. Mwenye mashine hukamua kwanza na kulipwa baadaye, pengine kwa mashudu badala ya fedha taslimu. Mali yote hiyo haina ushahidi mwingine zaidi ya maandishi, na siku hizi maandishi hayo kwa wafanyabiashara wengi yamo ndani ya kompyuta moja, juu ya meza moja, katika ofisi moja yenye vumbi.

Somo la wiki hii linahusu siku ambayo kompyuta hiyo inawashwa, lakini ile sehemu ya diski yenye hesabu inakataa kufunguka.

HASARA ILIPO

Chukua mfano wa mnunuzi aliyetanguliza sh. 150,000 kwa kila mmoja wa wakulima 60. Fedha iliyoko mashambani ni sh. milioni 9. Orodha ikipotea, wakulima waaminifu watakuja wenyewe na kutaja deni. Wengine watataja pungufu, na wachache watanyamaza. Ikiwa theluthi moja tu ya fedha hiyo haitarudi, mnunuzi amepoteza sh. milioni 3 kabla hajanunua gunia hata moja.

Upande wa pili una uzito zaidi. Mkulima aliyeacha magunia 20 ghalani naye anategemea orodha hiyo hiyo. Mnunuzi akimwambia kuwa kompyuta imeharibika, mkulima hasikii habari za kompyuta. Anasikia kuwa mali yake haijulikani iliko. Habari ya namna hiyo hufika kijijini kabla ya basi la jioni, na msimu unaofuata magunia huenda kwa mnunuzi mwingine.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu za biashara yake kwa miaka mitano. Mfanyabiashara asiye na vitabu hana cha kupingia makadirio yanayofanywa na ofisa wa kodi.

DISKI IMEGAWANYWAJE

Diski ya kompyuta inaweza kufananishwa na ghala kubwa lililokatwa vyumba. Katika kompyuta nyingi za ofisi kuna chumba cha C, ambamo mna programu zinazoendesha mashine, na chumba cha D, ambamo mwenye ofisi huweka hesabu, barua na picha zake. Vyumba vyote viwili vimo ndani ya diski ile ile moja.

Mlangoni mwa ghala pana kibao kinachosema kila chumba kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Katika mtindo uliotumika tangu mwaka 1983, kibao hicho kina baiti 64 tu, yaani kifupi kuliko ujumbe mmoja wa simu wenye herufi 160. Kibao hicho kikifutika, kompyuta haioni chumba chochote, ingawa mali yote bado imo ndani kama ilivyopangwa.

Kila chumba nacho kina ukurasa wake wa kwanza unaoeleza jinsi mali ilivyopangwa, na daftari la orodha linalosema kila faili limelazwa wapi. Ukurasa huo ukiharibika, kompyuta hutoa tangazo kuwa diski inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Tangazo hilo huwatisha wengi, nao hulitii. Maana yake halisi ni ndogo: kompyuta imeshindwa kusoma ukurasa wa kwanza, basi.

Waliobuni mipangilio hii waliweka nakala za tahadhari. Mfumo wa NTFS, unaotumika katika kompyuta nyingi za Windows, huweka nakala ya ukurasa wa kwanza mwishoni kabisa mwa chumba. Mfumo wa FAT32, unaopatikana katika flashi nyingi, huweka nakala yake karibu na mwanzo, katika sekta ya 6. Mtindo mpya wa kibao cha mlangoni, uitwao GPT, una nakala mwishoni mwa diski. Kazi ya kuokoa, kwa sehemu kubwa, ni kuzitafuta nakala hizo.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Aprili 26, 1999, pale kirusi cha CIH, kilichotengenezwa Taiwan, kilipolipuka katika kompyuta za nchi nyingi, zikiwemo Korea Kusini na Uturuki. Kirusi hicho kilifuta megabaiti ya kwanza ya diski, pamoja na kibao cha mlangoni. Wengi walidhani kila kitu kimekwisha. Hata hivyo, katika diski nyingi kubwa zilizotumia FAT32, nakala ya pili ya daftari la orodha ilikuwa mbele zaidi ya pale kirusi kilipofika, na mafaili yakarejeshwa. Waliopoteza mali moja kwa moja ni pamoja na wale waliokimbilia kufomati na kupakia programu upya.

KUJUA UGONJWA KABLA YA DAWA

Kabla ya kugusa chochote ni vema kutofautisha hali tatu.

Ya kwanza ni diski nzima kiafya ambayo kibao chake au ukurasa wake wa kwanza umeharibika. Chanzo cha kawaida ni umeme kukatika wakati kompyuta inaandika, kuchomoa diski ya nje bila kuiaga, au fundi kupakia Windows upya na kukosea chumba. Diski haitoi sauti ya ajabu, na kompyuta inaitambua kwa jina na ukubwa wake sahihi. Hali hii ndiyo yenye matumaini makubwa kuliko zote.

Ya pili ni diski inayoanza kufa. Inasomeka kwa kusuasua, kompyuta inaganda kila inapoguswa, na baadhi ya mafaili yanafunguka huku mengine yakikataa. Hapa muda ni mali. Kila saa diski inapowashwa bila sababu ni saa inayopunguza uhai wake.

Ya tatu ni diski inayogonga, kukwaruza au isiyozunguka kabisa. Kifaa chenyewe kimeharibika na hakuna programu itakayokitibu. Dawa ni kuizima mara moja. Kufunguliwa kwake kunahitaji chumba kisicho na vumbi na vifaa maalumu, na haiwezekani kuifungulia juu ya meza ya duka la simu, hasa katika mji wenye upepo na vumbi kama Singida.

Ipo pia hali inayofanana na hizo lakini si ugonjwa. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa ufunguo wa siri uitwao BitLocker, na zikifanyiwa matengenezo huomba namba yenye tarakimu 48. Namba hiyo mara nyingi imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila namba hiyo, fundi hodari kiasi gani hatafungua kitu. Mwenye mali aitafute na kuiandika katika karatasi leo, kabla haijahitajika.

MAKOSA YANAYOMALIZA MALI

Kosa la kwanza ni kukubali kufomati. Kufomati kwa haraka hakufuti mali yote papo hapo, lakini huandika daftari jipya juu ya lile la zamani, na kufomati kikamilifu katika Windows za sasa hufuta kila kitu.

Kosa la pili ni kuendesha programu ya Windows iitwayo chkdsk kwa lengo la kurekebisha kabla ya kuwa na nakala. Programu hiyo kazi yake ni kuufanya mpangilio uwe sawa, na ikibidi hukata mafaili yenye utata ili daftari lilingane. Inaweza kumrudishia mfanyabiashara diski inayofunguka vizuri isiyo na hesabu zake.

Kosa la tatu ni kupakua programu ya uokoaji na kuipakia ndani ya diski ile ile iliyougua, au kuyahifadhi humo mafaili yaliyookolewa. Ni sawa na kumwaga mzigo mpya juu ya magunia yanayotafutwa.

Kosa la nne linahusu diski za kisasa zisizozunguka, ziitwazo SSD. Faili likifutwa humo, au chumba kikifomatiwa, diski yenyewe inaweza kuisafisha nafasi hiyo kimyakimya muda mfupi baadaye. Kwa diski hizo, kuzima kompyuta mapema kuna thamani kubwa zaidi.

HATUA ZA UOKOAJI

Zifuatazo ni hatua za hali ya kwanza na ya pili. Mfanyabiashara anaweza asizifanye kwa mkono wake, lakini akizijua hatababaishwa na fundi.

1. Kuzima na kuchomoa. Diski iliyougua itolewe katika kompyuta yake na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya au kasha la nje. Windows ikiuliza kama ifomati, jibu ni hapana.

2. Kununua au kuazima diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko ile iliyougua. Hatua hii hurukwa kwa ajili ya kubana matumizi, na ndiyo inayogharimu zaidi.

3. Kuchukua nakala ya diski nzima, baiti kwa baiti, ikiwa ni pamoja na zile sehemu zinazoonekana tupu. Programu ya bure ya GNU ddrescue hufanya kazi hiyo vizuri. Husoma kwanza sehemu zilizo nzima na kurudia zile korofi baadaye. Hutunza pia ramani ya kazi iliyokwisha fanyika, hivyo umeme ukikatika katikati, kazi huendelea pale ilipoishia. Tahadhari kubwa hapa ni kutobadilisha diski ya kutoka na diski ya kwenda. Anayekosea hunakili utupu juu ya mali.

Muda nao uhesabiwe. Diski ya gigabaiti 500 ikisomeka kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na nusu. Kwa waya wa USB wa zamani, wenye mwendo wa megabaiti 30 hivi, ni karibu saa tano. Diski inayokufa inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Fundi anayeahidi kumaliza kwa nusu saa huenda hana mpango wa kuchukua nakala.

4. Kuiweka diski ya asili kabatini. Kazi yote inayofuata ifanyike juu ya nakala.

5. Kutafuta chumba kilichopotea. Programu ya TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier na inayotolewa bure, huchunguza diski na kutambua mahali vyumba vilipoanzia. Mtumiaji huchagua diski, kisha 'Analyse', kisha 'Quick Search'. Chumba kikionekana, hubonyezwa herufi P ili kuona majina ya mafaili. Majina yakitokea, mali ipo.

6. Kunakili mafaili kwanza, kurekebisha baadaye. TestDisk ina uwezo wa kuandika upya kibao cha mlangoni kwa amri ya 'Write', na vilevile kurudisha ukurasa wa kwanza kutoka katika nakala yake ya tahadhari. Hata hivyo, mafaili ya hesabu yanakiliwe kwenda diski nyingine kabla ya amri hiyo kutolewa.

7. Ikiwa daftari la orodha limeharibika kabisa, yupo ndugu wa TestDisk aitwaye PhotoRec. Huyu hatafuti majina. Hupitia diski nzima akitambua kila faili kwa umbo la mwanzo wake. Mafaili hurudi bila majina na bila folda, yakiwa yamepewa namba. Mwenye ofisi ajiandae kukaa siku mbili tatu akifungua moja baada ya jingine. Faili lililokatwa vipande na kulazwa mahali mbalimbali huenda lisirudi zima.

8. Kukagua. Faili kuonekana si sawa na faili kufunguka. Leja ifunguliwe, jumla zilinganishwe na risiti za karatasi na salio la benki, na hapo tu ndipo kazi ihesabiwe kuwa imekwisha.

KUMBUKUMBU ZILIZOKO KWA WENGINE

Uokoaji ukishindikana, au ukirudisha nusu, bado ipo njia ya kujenga hesabu upya. Biashara haiachi alama mahali pamoja tu.

Benki hutoa taarifa ya akaunti, na kampuni za simu hutoa taarifa ya miamala ya M-Pesa, Airtel Money na huduma nyingine za aina hiyo. Mashine za risiti za kielektroniki za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hutunza kumbukumbu ya mauzo ndani yake na kuituma TRA. Mzigo ulioingia katika ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 una stakabadhi yake, na mwendesha ghala ana daftari lake. Chama cha ushirika cha msingi kina vitabu vya uzito wa kila mkulima. Dereva wa lori na dalali wa vitunguu mara nyingi wana daftari dogo la mfukoni ambalo halijui umeme.

Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua mwaka 1998, asiwe na hofu juu ya diski yake. Umiliki wa hisa umeandikwa katika hifadhi kuu ya soko, na dalali wake anaweza kumpatia taarifa. Kilichopotea nyumbani ni nakala yake tu.

Pengo halisi ni moja: mali kauli iliyotolewa kwa fedha taslimu, bila saini wala dole gumba. Hiyo haipo kwa mtu mwingine yeyote, na ndiyo inayostahili kuandikwa mara mbili.

KUPIMA GHARAMA

Kama ilivyo kwa mzigo wowote, kuna bei ya kununulia na bei inayoumiza. Mnunuzi wa mfano wa hapo juu anakabiliwa na upotevu wa sh. milioni 3. Ikiwa diski mpya na ujira wa fundi vitafika sh. 400,000, na uwezekano wa kufaulu ni nusu kwa nusu, matarajio ya kuokoa ni sh. milioni 1.5. Biashara hiyo inalipa. Ikiwa diski ilikuwa na picha za harusi na nakala za barua, hesabu ni nyingine, na mwenye mali ndiye ajuaye thamani yake.

Makubaliano na fundi yaandikwe: asiandike kitu juu ya diski ya asili, malipo ya kazi ni kiasi gani mafaili yakirudi na kiasi gani yasiporudi, na nakala aliyobaki nayo ifutwe. Majina na madeni ya wakulima 60 ni taarifa za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

KINGA

Wafanyabiashara wenye umri mkubwa hawakuwahi kuiamini kompyuta kirahisi, na historia inawapa sababu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo ya kuingiza hesabu za Serikali katika mashine, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku ililegezwa baadaye, na kompyuta za mezani zikaenea katika miaka ya 1990. Leja ya karatasi haikufa katika kipindi chote hicho, na hadi leo haina sababu ya kufa.

Kinga inayofaa mji wowote, kuanzia Kiomboi hadi Manyoni na Itigi, ni nafuu. Hesabu ziwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi, na ya tatu nje ya ofisi, iwe nyumbani au katika hifadhi ya mtandao. Chumba cha D kisihesabiwe kuwa nakala ya chumba cha C, kwa sababu vyote viwili vimo katika diski moja na vinakufa siku moja. UPS inunuliwe kabla ya msimu. Kila Jumamosi, ghala likifungwa, orodha ya mali kauli ichapishwe katika karatasi na kutiwa saini.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika mashine ya kukamua huuliza bei ya mbegu, uwezo wa mashine na soko la mashudu. Aongeze swali moja: kompyuta ya ofisi hii ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi orodha ya wadaiwa itatoka wapi? Mwenye mradi akijibu kwa kufungua kabati na kutoa karatasi ya Jumamosi iliyopita, mazungumzo yaendelee. Akisema fundi yupo, mwekezaji ana haki ya kwenda kufikiri kwanza.